Muuguzi ni Mtetezi wa Nani?

Katika wodi ya hospitali yoyote huwapo watu wa namna tatu: yule alalaye, yule atibuye, na yule aliyekuja kumkalia mgonjwa wake. Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe, wa pili ni daktari, na wa tatu ni jamaa aliyetoka nyumbani na mkeka, sufuria na chupa ya chai. Katikati yao husimama mtu wa nne, naye ni muuguzi. Huyu hupokea amri kutoka upande mmoja, maumivu kutoka upande wa pili, na machozi kutoka upande wa tatu. Basi swali tunalotaka kulichunguza ni hili: pande hizo zinapohitilafiana, muuguzi amsemee nani? Ikiwa dawa iliyoandikwa inaonekana kumdhuru mgonjwa; ikiwa ofisi inadai fedha kwanza na mgonjwa hana; ikiwa jamaa wanataka jambo ambalo mgonjwa mwenyewe halitaki, je, wajibu wa muuguzi ni kutii na kunyamaza, au ni kunena?

Watu wengi watajibu upesi kwamba muuguzi mwema ni yule mwenye huruma, na kwamba akiisha kuwa na huruma mengine yatajileta yenyewe. Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni jema lakini halijatimia. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba huruma bila utetezi yaweza kupotoka na hata kutumiwa kwa ubaya. Kwamba kumsemea mgonjwa ni sehemu ya uuguzi wenyewe, wala si fadhila ya ziada. Na kwamba jambo hili linatuhusu sana sisi walimu wa lugha, ingawa hatuvai sare nyeupe.

Na tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kitenzi kuuguza kimetokana na kuugua. Kwa kanuni ya kawaida, kiambishi hiki huonyesha usababishi: kitu kikipungua, kuna aliyekipunguza, ugali ukiungua, kuna aliyeuunguza. Mwanafunzi anayefuata kanuni hii kwa ukaidi angesema kwamba anayeuguza ndiye anayemletea mtu ugonjwa! Lakini Kiswahili hakikulipokea neno hilo kwa maana hiyo. Anayeuguza ni yule akaaye na mgonjwa katika ugonjwa wake, amlishaye, amgeuzaye ubavu na akeshaye naye. Tena tangu zamani kazi hii ni ya jamaa. Hadi leo mtu akikosekana kazini husemwa, "Anamuuguza mama yake," na hakuna anayedhani kwamba mtu huyo ana cheti cha uuguzi. Waganda nao wana okujjanjaba, na abajjanjabi katika wodi zetu ni hao hao ndugu wanaolala chini ya vitanda vya wagonjwa wao.

Hatusemi kwamba asili ya neno huthibitisha wajibu wa mtu. Maneno huhama, na maana hubadilika. Hata hivyo, neno hili linatukumbusha jambo moja la maana. Muuguzi wa hospitali amepewa jina ambalo kwanza lilikuwa la mama, la mke, la mtoto na la ndugu. Amerithi mahali pao. Na mama anayemuuguza mwanawe hatosheki na kumpangusa jasho. Akiona dawa haifanyi kazi huuliza. Akiona mtoto ameachwa hupiga kelele. Akiambiwa arudi kesho hukaa mlangoni. Yeyote anayelichukua jina la muuguzi, amelichukua pamoja na deni hilo.

Neno la pili la kutazamwa ni kutetea. Kila mwalimu anajua kwamba limetokana na kuteta. Kuteta ni kubishana na kugombana. Tena kumteta mtu ni kumsema vibaya naye hayupo. Lakini tukitia kauli ya kutendea tunapata kumtetea mtu, yaani kubisha kwa ajili yake. Basi kutokana na mzizi mmoja tunapata wauguzi watatu. Wa kwanza anateta na kila mtu: na jamaa, na wenzake, na mfagiaji, hasira yake ni ya uchovu wake mwenyewe. Wa pili anawateta wakubwa wake kwenye chumba cha chai, akisema kwamba daktari fulani hajali na mhasibu fulani hana utu. Maneno yake huenda yakawa kweli yote, lakini mgonjwa aliyeko kitandani hayamfai kitu. Wa tatu anamtetea mgonjwa: analichukua neno lake, analifikisha panapostahili, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kulitengeneza, na kwa adabu itakayomfanya mtu huyo asikilize. Watatu hawa wanaweza kuwa na huruma sawasawa. Ni wa tatu tu aliyefanya kazi.

Hata hivyo, fikira hii ya muuguzi kuwa mtetezi haikukubaliwa siku zote. Mwaka 1893 kiliandikwa huko Detroit, Marekani, kiapo cha wauguzi kilichopewa jina la Florence Nightingale, ingawa si yeye aliyekitunga. Humo muuguzi aliahidi, pamoja na mengine, kumsaidia daktari kwa uaminifu katika kazi yake. Mwaka 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa mwaka 1899, lilipitisha maadili yake ya kwanza, na humo pia mlikuwa na wajibu wa kutekeleza maagizo ya daktari kwa akili na uaminifu. Ndipo mwaka 1973 maadili hayo yalipoandikwa upya, na uzito ukahamishwa: wajibu wa kwanza wa muuguzi ukawa ni kwa watu wanaohitaji uuguzi, na akatakiwa kuchukua hatua za kumlinda mtu ambaye utunzaji wake unahatarishwa na mfanyakazi mwenziwe au na mtu mwingine yeyote. Kati ya maandishi hayo mawili ni miaka 20 tu, lakini tofauti yake ni kubwa. Hapo kwanza muuguzi aliulizwa, "Umetii?" Baadaye aliulizwa, "Umemlinda?"

Msomaji asidhani kwamba waliotangulia walikuwa wajinga wa jambo hili. Nightingale mwenyewe alipofika Scutari mwaka 1854, pamoja na wanawake 38, kuwahudumia askari wa Kiingereza waliojeruhiwa katika vita vya Crimea, aliwazuia wauguzi wake wasiguse wagonjwa mpaka madaktari wa jeshi walipoomba msaada wao. Alijua thamani ya utii. Lakini mwanamke huyo huyo aliwaandikia wakubwa wa serikali barua nyingi kuhusu uchafu, chakula na blanketi, na baada ya vita alitumia hesabu za vifo kuwathibitishia kwamba maradhi yaliwaua askari wengi kuliko risasi. Basi utii na utetezi vyaweza kukaa katika moyo mmoja. Shida hutokea pale vinapokuja njia panda, na mtu analazimika kuchagua.

Kwa njia panda hiyo hatuna mfano mzito kuliko ule wa wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mwaka 1932 idara ya serikali ya afya ya nchi hiyo ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Madaktari walitaka kuona ugonjwa huo utafanya nini katika mwili wa mtu asiyetibiwa mpaka afe. Wagonjwa hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa kwamba wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Penisilini ilipojulikana katika miaka ya 1940 kuwa ndiyo dawa ya kaswende, wao hawakupewa. Uchunguzi huo uliendelea miaka 40, hadi magazeti yalipoufichua mwaka 1972. Tarehe 16 Mei 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Katika habari hiyo yote alikuwamo muuguzi mmoja, Eunice Rivers, naye mweusi kama wao. Kwa zaidi ya miaka 30 aliwatumikia wanaume hao. Aliwachukua kwa gari lake hadi kwenye uchunguzi, akawatembelea majumbani, akawajulia hali wake zao na watoto wao, akazika pamoja nao. Walimpenda na kumwamini. Mmoja wao alipofariki, Rivers ndiye aliyekwenda kwa jamaa kuomba ruhusa ya maiti kupasuliwa, nao walilipiwa gharama za mazishi. Bila yeye, wanaume wale huenda wangalikwisha kutawanyika zamani na kutafuta dawa kwingine. Huruma yake ndiyo iliyokuwa kamba iliyowafunga.

Hatuliandiki jina hilo ili kumtupia mawe mwanamke mmoja. Alikuwa mweusi katika nchi ya ubaguzi, mwanamke chini ya madaktari wanaume, na mwenye mshahara ambao ungeweza kukatwa siku yoyote. Wenye hatia kubwa ni wale waliobuni jambo lile na kulisimamia. Lakini fundisho lililomo hatuwezi kuliacha. Muuguzi huyu hakupungukiwa na huruma. Alikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mbele ya wakubwa: dawa ipo, kwa nini hawa hawapewi? Huruma humwelekea mgonjwa na kumwuliza, "Unaumwa wapi?" Utetezi humgeukia mwenye mamlaka na kumwuliza, "Kwa nini angali anaumwa?" Huruma isiyofika kwenye swali la pili inaweza kumtuliza mtu ili adhuriwe bila kupiga kelele.

Sasa tuzitazame hoja za wale wanaopinga, maana zina nguvu. Hoja ya kwanza ni ya elimu. Husemwa kwamba daktari amesoma zaidi, na kwamba hospitali ambamo kila mtu hubisha ni sokoni. Ni kweli kwamba daktari amesoma zaidi. Lakini daktari hupita kitandani mara moja au mbili kwa siku. Muuguzi yupo zamu nzima. Yeye ndiye aonaye kwamba mgonjwa hakulala, kwamba vidonge vimefichwa chini ya mto kwa sababu vinamtapisha, kwamba uso umebadilika tangu saa tisa za usiku. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi hakukilalia, lakini amekaa karibu nacho kuliko mwingine yeyote mwenye cheti. Haombwi abadilishe dawa kwa rai yake mwenyewe. Anaombwa aseme alichokiona, na akipuuzwa aseme tena, na akipuuzwa mara ya pili amfuate aliye juu. Hapo hajavunja heshima ya daktari. Amempa daktari maarifa ambayo daktari hana njia nyingine ya kuyapata.

Hoja ya pili ni ya uwezo. Muuguzi mmoja ana vitanda vingi, mshahara mdogo, na hofu ya kuhamishwa akionekana mkaidi. Je, ni haki kumbebesha mzigo wa utetezi juu ya hiyo mingine? Hoja hii hatuwezi kuijibu kwa mahubiri. Kumtaka mtu awe shujaa kila siku ni namna ya kumdhulumu, na nchi ambayo wema wake unategemea mashujaa tu imejenga nyumba juu ya mchanga. Kwa hiyo wajibu wa muuguzi kunena unazaa wajibu mwingine kwa serikali na kwa hospitali: kuweka njia ambayo neno lake litapita bila kumwangamiza.

Kwamba jambo hili linawezekana tunao ushahidi nyumbani. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Kampala shirika la Hospice Africa Uganda ili kuwatunza wagonjwa wa saratani na wengine ambao maradhi yao hayana tena tiba. Dawa yao kubwa ya maumivu ilikuwa mofini ya kunywa, inayotengenezwa kwa kukoroga unga wa mofini katika maji, nayo ni rahisi kwa bei. Lakini dawa hiyo kwa sheria ilihitaji sahihi ya daktari, na madaktari walikuwa wachache na mbali. Mfikirie muuguzi wa kijijini, mbele yake mtu ambaye saratani imemla hadi mfupani na halali usiku wala mchana. Muuguzi ana huruma, ajua jina la dawa, ajua ilipo, ila hana idhini ya kuiandika. Huruma yake inakomea katika kushika mkono. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa, na Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya utunzaji huo kuandika mofini wao wenyewe. Mafunzo hayo yalikuwa ya miezi 9. Tangu hapo, katika jambo hilo moja, neno la muuguzi lina nguvu ya dawa.

Yafaa tulinganishe habari hiyo na maisha ya Cicely Saunders wa Uingereza, ambaye kazi yake ndiyo chimbuko la hospitali za namna hiyo duniani. Alisomea uuguzi kwanza. Maumivu ya mgongo yakamtoa, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali. Alipotaka kuwasaidia wale wanaokufa kwa maumivu, alishauriwa asomee udaktari, kwa kuwa vinginevyo hatasikilizwa. Akasoma, akafuzu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's mjini London. Tunamheshimu kwa subira hiyo. Lakini tazama tofauti: kule muuguzi alilazimika kuwa daktari ili asikilizwe, huku sheria ilibadilishwa ili muuguzi asikilizwe akiwa muuguzi. Njia ya pili inawafaa wengi zaidi, maana si kila muuguzi atapata miaka ya kurudi chuoni, na wagonjwa hawawezi kumngojea.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya jamaa. Tumezoea kusema "mgonjwa na jamaa zake" kana kwamba ni mtu mmoja. Mara nyingi ni hivyo kweli, hasa kwetu ambako jamaa ndio wanaopika, wanaofua na wanaouza mbuzi ili dawa inunuliwe. Muuguzi mwema huwatetea hao pia. Huwaambia bei mapema na bila kuzungusha. Huwaeleza kwa maneno wanayoyafahamu kama kuna tumaini au hakuna, wasije wakauza shamba kwa ajili ya tiba ambayo daktari mwenyewe ameshaikatia tamaa. Familia iliyofilisika kwa kutoambiwa ukweli nayo imejeruhiwa hospitalini, ijapokuwa jeraha hilo halifungwi bendeji.

Lakini siku nyingine mgonjwa na jamaa hutengana njia. Mama mtu mzima ana saratani. Wanawe wanamwomba muuguzi asimwambie, wakisema kwamba habari hiyo itamwua kabla ya siku zake. Mama mwenyewe kila asubuhi anamwuliza muuguzi, "Mwanangu, nina ugonjwa gani?" Amtetee nani? Baadhi yetu watataja methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Tunaipenda methali hiyo, lakini inatumiwa kupita mipaka yake. Maana yake ni ukarimu: mtu mwenye haja dhahiri apewe, asitiwe aibu ya kuombaomba. Uji ni uji, na asiyetaka atageuza uso. Kifo cha mtu si uji. Huenda mama huyo ana neno la kumwambia nduguye waliyekosana, au ana mpaka wa shamba anaojua yeye peke yake, au anataka tu kusali akijua anasali kwa ajili ya nini. Anayemficha habari anamnyima mambo hayo yote, hata kama anafanya hivyo kwa mapenzi.

Rai yetu ni kwamba mgonjwa mwenye fahamu zake ndiye wa kwanza kusikilizwa. Akitaka kujua, aambiwe, taratibu na katika wakati ufaao. Asipotaka kujua, hilo nalo ni neno lake na liheshimiwe. Asiye na uwezo wa kunena, kama mtoto mchanga au mtu aliyepoteza fahamu, jamaa watamnenea. Na kazi ya muuguzi hapo ni kuangalia kwamba wanamnenea yeye, wala hawajineneei wenyewe. Na sharti lile lile limfunge muuguzi pia. Kumsemea mtu si kumnyang'anya kauli. Mtetezi asiyeuliza kwanza, "Wewe mwenyewe wataka nini?" amekuwa bwana mwingine juu ya mabwana aliokwisha kuwa nao mgonjwa.

Wengine watasema kwamba siku hizi kuna sheria, na kwamba mgonjwa aliyekosewa aende mahakamani. Ni kweli kwamba mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Uganda ilitoa hati ya haki za mgonjwa, na humo imo haki ya kuelezwa na ya kukubali au kukataa tiba. Ni kweli pia kwamba tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika hospitali zake ni kuvunja katiba. Tunaisifu hukumu hiyo. Lakini shauri lenyewe lilifunguliwa mwaka 2011, baada ya vifo vya akina mama waliokwenda hospitalini kujifungua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mahakama ilisema baada ya miaka 9, na iliwasemea watu ambao hawakuweza tena kusikia. Katika usiku wenyewe wa uchungu hakuna hakimu wodini. Yupo muuguzi.

Sasa ndipo tunapofika kwetu sisi walimu. Mtu hawezi kumsemea mwenziwe ambaye haelewi kauli yake. Katika wilaya ya Isingiro ipo kambi ya wakimbizi ya Nakivale, iliyoanzishwa mwaka 1958, na katika wakazi wake wamo Wakongo wengi wanaosema Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Muuguzi anayewapokea huenda ni Mnyankole ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota. Mwanamke Mkongo akisema kwamba alikwisha kwenda kwa munganga, anakusudia daktari wa hospitali, maana ndivyo waitavyo kwao. Msikilizaji aliyefundishwa kwamba mganga ni wa mizizi na hirizi anaweza kuandika kwamba mgonjwa ametumia dawa za kienyeji, na kumtazama kwa dharau. Hapo hapana aliyekusudia ubaya. Ila ukweli umepotea kati ya silabi mbili, na yule mama amehukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mara nyingine hutafutwa mkalimani, na aliye karibu ni mtoto wa mgonjwa, wa miaka kumi au kumi na miwili, aliyejifunza lugha ya mahali shuleni. Mama anaulizwa mambo ya tumbo la uzazi kupitia kinywa cha mwanawe. Ataficha, na ana haki ya kuficha. Methali zetu zinaonya kwamba mficha maradhi kifo humwumbua, lakini hazikumtazamia mtu aliyelazimishwa kuficha kwa kukosa wa kuzungumza naye kwa siri. Muuguzi mwenye Kiswahili safi angemwambia mtoto, "Nenda ukacheze nje kidogo," kisha akavuta kiti. Huo nao ni utetezi, na chombo chake ni lugha.

Tukumbuke pia sifa ambayo Kiswahili kimekuwa nayo machoni pa baadhi ya Waganda. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya utawala wa kijeshi, na mwaka 2005 marekebisho ya katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili, lakini wengi wa umri mkubwa walikisikia kwanza katika kinywa cha askari kizuizini: "Simama! Kaa chini! Toa kitambulisho!" Mtu wa namna hiyo akiingia wodini na kuambiwa, "Lala! Vua nguo!" moyo wake hurudi kule kule. Kwa hiyo mwanafunzi wetu atakayekuwa muuguzi hafai kuondoka darasani na amri peke yake. Afundishwe dhamira tegemezi, nayo ni sarufi ya heshima: "Naomba ulale hapa, mama. Nikusaidie kuvua?" Afundishwe maneno ya maumivu, kwa kuwa Kiswahili kina hazina yake: kuna kidonda kinachowasha, jipu linalopwita, kifua kinachochoma, tumbo linalokeketa, mguu uliokufa ganzi, kuna kizunguzungu na kuna kichefuchefu. Daktari akiambiwa tu kwamba "anaumwa" hajaambiwa kitu. Akiambiwa kwamba tumbo linakeketa tangu jana na mguu wa kushoto umekufa ganzi, ameanza kusaidiwa.

Aidha yafaa mwanafunzi azoezwe kubisha kwa adabu, jambo ambalo vitabu vyetu hulisahau. Tunawafundisha kusalimu, kuomba, kushukuru na kuaga. Ni mara chache tunawafundisha kumwambia mkubwa, "Samahani, daktari, naona mgonjwa huyu amebadilika tangu usiku, naomba umwangalie tena kabla hujaondoka." Sentensi hiyo si ngumu kwa sarufi. Ugumu wake uko katika kuitamka mbele ya mtu aliye juu yako, mwenye haraka. Lakini ulimi uliokwisha kuitamka mara kumi darasani utaitamka kwa wepesi zaidi siku ya kumi na moja kitandani.

Kwa kumalizia, jibu letu kwa swali tulilolianza ni kwamba muuguzi ni mtetezi wa mgonjwa kwanza. Jamaa awatetee pamoja naye maadamu njia yao ni moja. Na daktari amheshimu kwa kumpa ukweli. Huruma ndiyo impelekayo kitandani, na utetezi ndio umtoao hapo kwenda kubisha mlango wa mwenye uwezo. Nasi tunapendekeza kwamba chama chetu kitunge masomo machache kwa ajili ya vyuo vya uuguzi vilivyo karibu nasi, yawe na mazungumzo ya wodini, maneno ya maumivu, tofauti za Kiswahili cha Kongo na hiki chetu, na mazoezi ya kumwambia mkubwa jambo asilotaka kulisikia. Mwenzetu aliye karibu na chuo kama hicho na aanze na darasa moja, kisha atuandikie katika kurasa hizi jinsi lilivyokwenda.